Mzee wa baraza hakuelezwa sheria, tumlaumu nani?

Nimerudi juzi kutoka Suji. Kwa wasiopajua, Suji iko juu milimani Upare, wilaya ya Same. Unashuka kwenye basi pale Makanya, barabara kuu ya kwenda Moshi, unasubiri gari la kupanda mlima mpaka lijae, halafu linajaa mara ya pili, ndipo linaondoka. Ukifika juu unavaa sweta, unaitazama Makanya kule chini na jasi yake na vumbi lake, unajiuliza kama kweli ni wilaya ileile. Nilikwenda kumwona babu. Nilikaa siku nne, mojawapo Jumamosi, na Suji Jumamosi ni Sabato. Husikii hata shoka.

Kilichonifanya niandike leo ni mabishano yaliyotokea ndani ya gari wakati tunapanda. Mama mmoja aliyepakata kuku alikuwa akisimulia kesi ya miaka ya nyuma. Mtu alihukumiwa kunyongwa, akakaa gerezani miaka mingi, akakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikafuta kila kitu. Sababu? Jaji hakuwaeleza wazee wa baraza mambo ya sheria sawasawa.

"Kwa hiyo hakuua?" kijana mmoja wa nyuma akauliza.

"Hawakusema hakuua. Walisema kesi ianze upya."

Gari zima likacheka. Mzee aliyekaa mbele, ambaye mpaka hapo alikuwa hajasema neno, akageuza shingo: "Yaani akosee jaji, zawadi apewe muuaji?"

Ndugu zangu, sisi Wapare tunataniwa nchi nzima kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Sijawahi kukasirikia utani huo kwa sababu ushahidi wake ninao ndani ya ukoo. Hata wakoloni walilijua hilo. Mwaka 1945 wazee wetu walishuka milimani kwa maelfu wakaenda kukaa Same kuipinga kodi ya mbiru, na hawakuondoka kwa siku moja wala mbili. Watu wa namna hiyo ndio waliokuwa wanaicheka rufaa ndani ya lile gari. Nikajua kuna kitu hakijaeleweka.

Mimi sikuchangia. Nilikuwa nimebanwa kati ya gunia la mahindi na mlango ambao haufungi vizuri, na sio mahali pazuri pa kuanzishia mjadala wa sheria. Lakini leo nina nafasi, basi nasema: yule mzee wa mbele amekosea. Hajakosea sana, na huko nitafika.

Wengi wetu picha ya kesi ya mauaji tumeipata kwenye sinema za Marekani. Watu 12 wamekaa kwenye viti vyao pembeni, jaji anawaeleza sheria, wanaingia chumbani, wanabishana, wanatoka na neno moja. Wakisema hana hatia, jaji hana la kufanya. Hiyo ni juri. Kwetu haikuwa hivyo. Mwingereza alipokuja Afrika Mashariki hakuwa na haja ya kumpa Mwafrika madaraka ya kuamua. Kenya ya kikoloni juri ilikuwepo, lakini ya Wazungu. Mwafrika aliyeshitakiwa kwa mauaji aliwekewa wazee wa kumshauri jaji, watu waliodhaniwa kuzijua mila za "wenyeji". Maoni yao yanasikilizwa, yanaandikwa, na jaji akitaka anayaweka kando.

Uhuru ulikuja, mfumo ukabaki. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ilisema katika kifungu cha 265 kwamba kesi zote mbele ya Mahakama Kuu zitaendeshwa kwa msaada wa washauri, wawili au zaidi kadiri mahakama itakavyoona inafaa. Mara nyingi walikuwa watatu. Kifungu kilichofuata kiliwataka wawe watu wenye umri wa kati ya miaka 21 na 60, kwa hiyo hilo jina la "wazee" ni heshima tu, kijana wa miaka 22 naye alikuwa mzee wa baraza. Kisha kifungu cha 298: pande zote mbili zikimaliza ushahidi, jaji anaweza kuwajumuishia washauri ushahidi uliotolewa, halafu lazima amtake kila mmoja atoe maoni yake kwa mdomo, na yaandikwe. Na kijifungu chake kikaongeza kwamba jaji hafungwi na maoni hayo.

Mnaona hapo? "Anaweza" kujumuisha. Sheria yenyewe haikusema lazima. Mahakama ya Rufani ndiyo iliyolifanya jambo hilo kuwa la lazima, kesi baada ya kesi.

Sasa nimlete babu.

Babu yangu alikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi. Kule ndiko alikopata jina. Kesi za mipaka, mbuzi aliyekula mahindi, mahari isiyorudishwa, matusi ya kilabuni (yeye ni Msabato, pombe hajui inaonjaje, lakini matusi ya dengelua aliyajua yote kwa moyo, kwa sababu ya kazi). Na kwenye mahakama ya mwanzo babu alikuwa na kura. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 ilisema maamuzi yatafikiwa kwa wingi wa kura, ya hakimu na ya wazee. Wazee wawili wakikubaliana, hakimu amezidiwa. Kwenye kesi ya mbuzi babu alikuwa na nguvu kamili.

Halafu akaitwa kuwa mshauri kwenye kesi ya mauaji. Mwaka sitautaja, ilisikilizwa wapi sitasema, jaji alikuwa nani hata mimi sijui. Babu alikuwa na miaka hamsini na kitu. Alivaa koti lake la kanisani, akaenda, akakaa kwenye kiti cha pembeni kwa siku zote za ushahidi.

Kesi ilikuwa hivi. Watu wawili wanaopakana mashamba, wote wanategemea maji ya ndiva moja. Kwa wasiojua, ndiva ni bwawa letu la asili la kukusanyia maji ya kumwagilia. Linajaa usiku, linafunguliwa asubuhi, na kila mtu ana zamu yake kwenye mfereji. Zamu ya maji Upare ni kitu kikubwa. Mmoja akamkuta mwenzake usiku, kiangazi, ameyageuza maji ya zamu yake kuyapeleka shambani kwake, na sio mara ya kwanza. Alipomwuliza akatukanwa, yeye na marehemu mama yake. Akampiga kwa jembe alilokuwa nalo mkononi. Mara moja. Yule mtu akafa kabla ya kufikishwa hospitali.

Babu anasema ushahidi ulikuwa hauna utata. Mtuhumiwa mwenyewe hakukataa kwamba alipiga. Siku ya mwisho jaji akawasomea wazee muhtasari: shahidi wa kwanza alisema hivi, wa pili alisema vile, daktari alisema kadhaa, mshitakiwa alijitetea kadha. Mkalimani akawa anageuza kwa Kiswahili. Ikaisha. Kila mmoja akaulizwa: ana hatia au hana hatia?

"Nikasema ana hatia," babu ameniambia. "Ningesemaje? Aliua. Mwenyewe amesema aliua."

Watatu wote walisema ana hatia. Jaji akakubaliana nao. Kwa kosa la mauaji ya kukusudia sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu ina adhabu moja tu, kunyongwa mpaka kufa, na jaji hana uchaguzi mwingine kwa mtu mzima, isipokuwa kama ni mwanamke mjamzito. Babu alisikia hukumu ile akiwa amekaa mita chache kutoka kwa yule kijana.

Baada ya miaka mingi, akiwa ameshastaafu hata kule mahakama ya mwanzo, mtu mmoja aliyesomea sheria alikuja Suji likizo. Katika mazungumzo akamwambia babu kwamba Kanuni ya Adhabu ina kitu kinaitwa kughadhabishwa. Kwamba mtu akitendewa au akitukanwa jambo la kumfanya mtu wa kawaida wa jamii yake apoteze uwezo wa kujizuia, akaua papohapo kabla hasira haijapoa, kosa linaweza kushuka kutoka mauaji ya kukusudia na kuwa kuua bila kukusudia. Kifungo kinaweza kuwa cha maisha, kinaweza kuwa cha miaka michache. Sio kamba.

Babu alikuwa hajawahi kulisikia jambo hilo. Hakuna aliyemweleza. Yeye alipewa maneno mawili, ana hatia na hana hatia, akachagua lile la kweli kati ya mawili.

Na hebu fikirini. Katika chumba kile cha mahakama, nani alijua zaidi kuliko babu maana ya kuibiwa zamu ya maji usiku wa kiangazi? Jaji pengine amezaliwa mjini, au kando ya ziwa ambako maji hayana zamu. Wakili wa serikali vivyo hivyo. Sheria inauliza kuhusu mtu wa kawaida wa jamii ile, angejizuia au asingejizuia? Swali hilo ndilo lililotungiwa wazee wa baraza. Babu angelijibu vizuri kuliko mtu yeyote pale ndani. Hakuulizwa.

Hapo ndipo ninapotaka yule mzee wa kwenye gari anisikilize. Rufaa ya "jaji hakuwaeleza wazee" sio ujanja wa mawakili wa kutafuta tundu kwenye ukuta. Tundu lenyewe ndiyo kesi nzima.

Mahakama zetu zililiona jambo hili zamani. Mwaka 1954 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi inayojulikana kwa jina la Washington Odindo, ilisema kwamba maoni ya washauri yanaweza kuwa na thamani kubwa kwa jaji, lakini ikiwa tu wameelewa mambo ya kesi yanavyohusiana na sheria. Wasipoelezwa sheria, na wasipoelekezwa kwenye mambo yenye uzito, thamani ya maoni yao inapungua kwa kiasi hichohicho. Miaka mitano baadaye, 1959, Baraza la Privy kule London liliamua rufaa iliyotoka Fiji, iitwayo Bharat. Huko nako walikuwa na washauri, huko nako mtu amehukumiwa kufa, na huko nako jaji aliwaeleza vibaya sheria ya kughadhabishwa. Ndiyo, kilekile. Nilipoisoma kesi hiyo nilisimama nikazunguka chumba. Baraza likasema jaji aliyewapotosha washauri amejinyima mwenyewe msaada wao.

Kisha sisi wenyewe. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianzishwa 1979, baada ya Jumuiya ya zamani kuvunjika 1977, na mwaka 1982 ikaamua kesi ya Tulubuzya Bituro ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini anaijua. Ikasema kesi ambayo washauri wamepotoshwa katika jambo la msingi haiwezi kuitwa kesi iliyoendeshwa kwa msaada wa washauri. Na ikaongeza, hili ndilo la babu, kwamba ni hivyohivyo pale ambapo hawakuelezwa kabisa jambo la msingi. Kukaa kimya ni sawa na kupotosha.

Baada ya hapo orodha ya "mambo ya msingi" ikawa inakua. Nia ovu ya kuua, na maana yake kisheria. Kughadhabishwa. Utetezi kwamba mshitakiwa hakuwepo kwenye tukio. Ushahidi wa mazingira, ule usio na aliyeona kwa macho. Maelezo ya kukiri ambayo mshitakiwa ameyakana mahakamani. Utambuzi wa mtu usiku. Kauli ya marehemu kabla ya kufa. Ikaja pia hoja ya washauri walioachiwa kuwahoji mashahidi kama mawakili, wakati kazi yao ni kuuliza ili waelewe, sio kumbana shahidi. Katika miaka ya 2010 hukumu za namna hii zilifutwa kwa wingi mpaka ukawa kama wimbo: kesi batili, hukumu imefutwa, adhabu imeondolewa, jalada lirudi Mahakama Kuu, mbele ya jaji mwingine na washauri wengine.

Kuna hoja moja nzito ya upande wa pili, na nilikaa nayo usiku mzima kule Suji kwa kuwa usingizi ulikataa kwa baridi. Kama jaji hafungwi na maoni ya wazee, kwa nini kesi nzima ife kwa sababu ya maoni ambayo angeweza kuyatupa? Na sheria hiyohiyo ya 1985, kifungu cha 388, inasema uamuzi hautatenguliwa kwa kosa la utaratibu isipokuwa kosa hilo limesababisha haki isitendeke.

Jibu langu ni hili. Ukimwita fundi akague nyumba kabla hujanunua, akakuambia ukuta una ufa, nawe ukanunua, ni juu yako. Ulishauriwa. Lakini ukimpeleka fundi usiku bila tochi, halafu kesho uwaambie watu kwamba fundi alikagua, huo ni uongo. Jaji anayemsikiliza mzee aliyeelewa kisha akakataa ushauri wake, ametenda ndani ya sheria. Jaji anayeandika kwenye hukumu kwamba "washauri wote watatu wamemwona ana hatia" wakati washauri hawakuelezwa kuna njia ya tatu, anajiegemeza kwenye kitu ambacho hakipo. Na tunazungumzia kesi ambayo mwisho wake ni kamba. Kweli hatujamnyonga mtu tangu 1994, lakini hukumu ziliendelea kutolewa na watu wakaendelea kukaa na hukumu hiyo kichwani. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapo Arusha, ilisema kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo bila uchaguzi kunakiuka haki ya kuishi. Kama adhabu ni moja na jaji hana pa kugeukia, basi mlango pekee wa kutokea ni aina ya kosa: kukusudia au kutokukusudia. Mlango huo babu hakuonyeshwa.

Sasa mzee wa kwenye gari alikuwa na haki wapi? Alikuwa na haki kwenye gharama. Kosa ni la jaji. Anayelipa sio jaji. Mrufani ameshakaa mahabusu miaka akisubiri kesi, kisha miaka akisubiri rufaa, na zawadi yake, kama alivyoiita yule mzee, ni kurudi mahabusu kusubiri kesi ileile ianze. Familia ya marehemu inaitwa tena. Mama aliyekwishalia mahakamani analetwa kulia mara ya pili mbele ya jaji mgeni. Shahidi aliyeona amekufa, au amehamia Morogoro na hapatikani, au yupo lakini anasema "nadhani" pale aliposema "niliona". Wale waliokuwa wakigawa zamu kwenye ile ndiva, wangeitwa leo, nusu yao wako makaburini.

Kuna kanuni ya kupunguza maumivu haya. Tangu kesi ya Fatehali Manji ya 1966 inafahamika kwamba kesi haitaamriwa ianze upya ili upande wa mashitaka upate nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Kama ushahidi wa kwanza ulikuwa dhaifu, mtu aachiwe. Ni kanuni nzuri. Ila kwa mtu kama yule wa babu, aliyekiri kupiga, haisaidii. Yeye angerudi mwanzo.

Basi Bunge likaja na dawa. Mwaka 2022, kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Namba 1 ya mwaka huo, kifungu cha 265 kikabadilishwa. Kuwa na washauri katika Mahakama Kuu sio lazima tena. Kenya walishawaondoa wa kwao mwaka 2007. Uganda wao waliendelea nao, na majaji wa Uganda waliendelea kuandika majumuisho.

Naelewa sababu. Kesi zilikuwa zinaahirishwa kwa sababu mshauri mmoja anaumwa. Posho. Nauli. Na tusidanganyane, wapo waliokuwa wanasinzia. Babu mwenyewe ameniambia mwenzake mmoja alilala siku ya daktari, akaamshwa kwa kiwiko, na cha ajabu maoni yake yaliandikwa sawa na ya wengine. Wapo wanaosema jaji msomi anayetoa sababu zake kwa maandishi, zikasomwa na majaji watatu wa rufani, ni kinga bora kuliko wazee watatu wasiotoa sababu. Sio hoja ya kipuuzi.

Hata hivyo dawa hii siipendi, na sababu yangu ni ya mpangilio wa lawama. Miaka 40 Mahakama ya Rufani ilikuwa inasema: jaji, waeleze wazee. Haikuwahi kusema wazee hawaelewi. Kosa lilikuwa la anayeeleza, aliyeondoka ni anayeelezwa. Mwalimu asipofundisha, tunafunga shule?

Na tumewaondoa wakati mbaya kuliko wote. Kwa miaka yote hiyo tatizo kubwa lilikuwa lugha. Jaji anaandika Kiingereza, anawaza kwa Kiingereza, sheria yenyewe iko kwa Kiingereza, halafu mkalimani anageuza "nia ovu" kwa maneno anayoyapata papohapo. Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Wengi mnakumbuka Februari mwaka ule, Siku ya Sheria pale Dodoma, Rais Magufuli alivyomsifu Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, akampandisha kwenda Mahakama ya Rufani. Mlango ulifunguliwa. Kwa mara ya kwanza jaji angeweza kumtazama mzee wa baraza usoni, akamwambia kwa lugha ya wote wawili: mzee, sheria inasema hivi, kuna njia hizi tatu, na swali ninalotaka unisaidie ni hili. Mwaka mmoja baadaye tukamwambia mzee sio lazima aje.

Kama ningeulizwa (sijaulizwa, ndiyo maana naandika hapa), ningesema tuanze na karatasi. Majumuisho yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe, nakala wapewe wazee, mawakili wa pande zote wayasikie na waruhusiwe kusema "mheshimiwa, umesahau kughadhabishwa" palepale, kabla wazee hawajafungua mdomo. Kosa likirekebishwa asubuhi ileile halihitaji rufaa ya miaka saba. Kwa kesi zile ambazo jaji ataamua kuwaita washauri, maana mlango haujafungwa kabisa, hilo bado linawezekana leo.

Mwishoni mwa ziara nilimwambia babu habari ya Tulubuzya. Tulikuwa nje, jua la jioni, yeye na chai yake ya mchaichai. Nilimweleza polepole kwamba kwa kesi kama ile aliyokaa yeye, Mahakama ya Rufani ingeweza kufuta hukumu, kwa sababu hawakuelezwa. Nilidhani itampunguzia mzigo. Alinyamaza muda mrefu.

"Huyo kijana alikuwa na siku ngapi za kukata rufaa?"

Nikamwambia taarifa ya kusudio la kukata rufaa inatolewa ndani ya siku 30 baada ya hukumu.

"Na alijuaje kwamba sisi hatukuelezwa? Alikuwa amekaa kule kizimbani. Yeye aliona tumeulizwa, tumejibu. Mimi mwenyewe niliyekaa pale sikujua."

Nikasema wakili wake angejua, akisoma mwenendo wa kesi. Babu akauliza kama mwenendo wa kesi bado upo mahali. Nikamwambia majalada hutunzwa. Akauliza mtu akitaka kujua yule kijana aliishia wapi anaanzia ofisi gani, na kama ni lazima awe ndugu yake.

Jina la yule kijana bado analikumbuka, la baba yake, na la kitongoji chake. Aliniandikisha yote matatu.